Namba Nne Ishike Mkia

Ujiji, 6 Septemba 1998

Kwa binamu yangu Hadija, mwenye ulimi usiokwenda likizo,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila mke wangu anasumbuliwa na jino na nyumba nzima tunaumwa pamoja naye. Shangazi Mariyamu, mama yako, mpe shikamoo yangu. Mwambie mtoto wa kaka yake bado hajaota mvi.

Barua hii anakuletea Shafii, yule mchuuzi wa vitenge anayevuka na boti. Ameshika na kaseti yako, ifunue taratibu. Ni nyimbo za shindano letu. Nani angedhani kitu tulichokianza sebuleni kwenu Rumonge, kwa dufu moja na masufuria, kingeendelea hadi leo tulipotawanyika na vita kila upande? Sasa tuko Ujiji, tuko Uvira, tuko Buyenzi kule Bujumbura, na nyinyi mliobaki. Sheria ni zile zile. Nyimbo hazina majina, zina namba. Kila mji una mwamuzi mmoja. Anazipanga toka ya kwanza hadi ya mwisho na kuandika sababu, na sababu zinasomwa mbele ya watu bila kuruka neno. Mshindi anakwenda kuimba Iddi katika mji wenye zamu. Safari hii zamu ni ya Rumonge.

Waamuzi wengine wote wamekwisha kuleta kura zao. Namba moja na namba nne zimelingana, kwa hiyo kura yako ndiyo itakayoamua. Siruhusiwi kukuambia nani kaimba nini, na sisemi. Nasema tu kwamba mmoja wa hao wawili ulimnyonyesha wewe.

Binti yako Zuwena hajambo. Tangu ulipomleta kwangu kusoma, huu mwaka wa pili, haipiti siku bila yeye kuuliza lini atarudi kwao. Ukimpa ushindi, Iddi mtakula naye. Mimi namwona anastahili, lakini mimi nani mbele ya masikio yako.

Mbona barua zako hazina habari siku hizi? Mbili za mwisho zilikuwa salamu tupu.

Wako wa damu,
Abasi


Rumonge, 11 Oktoba 1998

Amahoro, binamu Abasi, wewe usiye na mvi kwa sababu huna nywele,

Huku tuko. Mama iko, anakula kidogo na kulalamika sana, ndiyo afya yake hiyo. Consolée wa Kizuka, yule rafiki yangu tunayeuza naye mawese, amekuja kututembelea na watoto wake na magodoro yao. Wiki ya tano sasa. Soko linafungwa mapema, basi napata nafasi ya kunyoosha mugongo. Habari nyingine hakuna.

Sasa hiyo kaseti yenu. Nimeisikiliza kwa redio ya jirani, maana yangu ilichukuliwa, usiulize na nani. Jirani mwenyewe alitoka nje. Nimemupa pole.

Ya kwanza naweka namba moja. Huyo ni Rachid wetu wa hapa, fundi baiskeli. Anaimba kama mutu aliyetia ugali wa moto mudomoni akaona haya kuutema mbele ya wageni. Wimbo muzima anamulilia mupenzi wake mwenye kiuno chembamba, na mwishoni tunaambiwa mupenzi ni baiskeli. Ni mbaya, lakini ni mbaya kwa adabu. Achukue nafasi yake.

Ya pili, namba mbili, Bahizire wa Uvira. Gitaa linashika njia ya Baraka, yeye anashika ya Kalemie. Afadhali hawakukutana njiani, wangepigana.

Ya tatu, hao mabibi wa Buyenzi wenye kinanda. Wanamusuta jirani beti kumi na mbili na hatuambiwi jirani kafanya nini. Kama kosa lake hamulijui, mwacheni mutoto wa watu alale. Na kinanda chenyewe kinalia peke yake kama kimefiwa.

Ya nne ni namba tano, yaani wewe, hata ujibane pua. Bwana muzima unaomba kubembelezwa ndani ya kaseti, na wajukuu wanasikia. Unasema mukeo anaumwa jino? Mimi nilijua ni masikio.

Namba nne ishike mukia. Sijasikia kitu kibovu hivi tangu nianze kusikia. Anasema anaota harufu ya mawese yakichemka Minago. Aliyepika mawese haoti harufu yake, anaikoga kwa sabuni na haitoki. Anasema njia ya Kizuka ina kivuli na wanawake wanapita wakicheka. Wanawake gani hao? Anasema ziwa linamwita. Ziwa halina jambo na mutu. Halafu analivuta lile neno “nyumbani”, analivuta, mutu anakwenda kuteka maji na kurudi anamukuta pale pale hajalimaliza. Huyo asipande jukwaa lolote, na la Rumonge hasa asilisogelee.

Nimemaliza. Usome yote, usinirukie hata nukta.

Binamu yako, anayekuombea upate kikohozi,
Hadija


Ujiji, 2 Novemba 1998

Kwako Hadija, adui wa waimbaji,

Wa alaykum salaam. Jino la mke wangu limeng'olewa, alhamdulillahi. Mvua imeanza na paa linavuja pale pale pa mwaka jana. Consolée msalimie, mtu anayevumilia nyumba yako wiki tano anastahili pepo.

Barua yako niliisoma uani baada ya sala ya Ijumaa, watu wamejaa hadi mlangoni. Walicheka mpaka mzee wa nyumba ya pili akaja kuuliza ni harusi ya nani. Nilipofika kwangu mwenyewe nilitaka kuruka, wakanishika.

Tukaja kwenye kuhesabu, na hapo, binamu, nikatumia akili. Katika ukoo wetu nani asiyejua kwamba binamu akikusifu ujikague nguo, akikutukana ushukuru? Mimi na wewe hatujasifiana tangu tunatambaa. Siku ya harusi yangu ulisimama mbele ya wakwe ukasema bibi harusi kapewa hasara isiyo na risiti, na shangazi akalia kwa furaha. Sasa matusi uliyomshushia namba nne hujapata kumshushia mtu yeyote, hata mimi. Tukaelewana wote kwamba mpango wako usomwe kinyumenyume. Mkia nimeufanya kichwa, Rachid na baiskeli yake wamekwenda nyuma kabisa. Ushindi ni wa Zuwena.

Ningependa ungemwona. Alikuwa amekaa mkekani anajitia hajali. Niliposoma habari ya kuteka maji alicheka hadi akajifunika uso kwa mtandio, halafu tukaona mabega yanatikisika, analia. Akaniambia, “Mama bado ananipenda, mjomba. Tangu niondoke hajanitukana hivi.”

Gauni liko kwa fundi. Anakuja na boti ya kwanza baada ya mwezi wa mfungo kuandama, afunge huko na kula Iddi huko. Andaa samaki, mukeke wa kuchoma, anauota.

Wako aliyekujua kabla hujaota meno,
Abasi


Rumonge, 19 Novemba 1998

Abasi,

Salamu utapata siku utakayozistahili.

Nani alikutuma kupindua? Nilikuandikia mukia, umeona kichwa. Ukiletewa samaki unaanza kumula kwa mukia? Utani wetu ni wa harusi na matanga. Kura ni kura. Mungu alikupa masikio mawili na wewe unayatumia kushikia miwani tu. Na hao wengine waliokubali na wewe, wote, toka Ujiji mpaka Uvira, ni kundi la bata.

Ushindi umupe Rachid. Yeye anavuka barabara tu, ameshafika.

Naandika tena, bila utani, na haya utayasoma kwa sauti, watu wakiwepo na yeye akiwepo.

Namba nne hana sauti. Anakata pumzi katikati ya neno kwa sababu hakufundishwa, na hafundishiki. Maneno yake ni ya kuokota. Nyumba anayoiimba haipo, na hakuna mutu ndani yake anayemungoja. Angekuwa mutoto wa mwingine ningenyamaza kwa heshima. Kwa kuwa ni wangu, naona haya. Akija kuimba Rumonge nitasimama niondoke watu wakiniona.

Ndiyo hayo. Usitie chumvi, usitie sukari. Gauni lirudishwe.

Mama anakusalimia. Mimi bado.

Hadija


Ujiji, 8 Desemba 1998

Kwako Hadija,

Assalamu alaykum, hata kama hutaki.

Barua yako imenifikia juzi. Shafii alikwama bandarini Kabonga, boti haziruhusiwi kuondoka, akalala huko hadi akachoka na dagaa. Niliifungua nikidhani nimepata matusi mapya ya kuchekesha watu. Sijaisomea mtu. Nimeisoma peke yangu nikaona haya kwa niaba yako. Nilitaka kukuandikia kwamba asiyejua kusifu mwanawe asilalamike akisifiwa na wengine. Nilikuwa nimeshika kalamu kabisa.

Halafu nikamkalisha Shafii, nikamwuliza mnaishije. Akaanza kuitazama chai. Nikamwambia chai haijibu, jibu wewe. Ndipo akasema. Kwamba vijiji vya juu ya Kizuka vimeungua na nyumba ya Consolée ni mojawapo. Kwamba usiku risasi mnazisikia kutoka vilimani, na jua likishuka mnabeba mikeka mnakwenda kulala ufukweni kati ya mitumbwi, wewe na shangazi na yule Consolée na watoto. Mchana mnarudi kutazama kama nyumba bado ina mlango.

Na mimi unaniandikia Consolée amekuja kutembea! Soko linafungwa mapema unyooshe mgongo! Nimezitoa barua zako zote nimezisoma upya. Sasa naona kila ulipoficha.

Sikulaumu, au nakulaumu kidogo. Vukeni. Mlete shangazi, chumba kipo, paa linavuja upande mmoja tu. Na kama huvuki, niambie nimfanyeje huyu mtoto. Gauni limeshakwisha, anapita nalo nyumba hadi nyumba. Nimwambie ukweli?

Binamu yako,
Abasi


Rumonge, 15 Desemba 1998

Binamu Abasi,

Murakoze, asante kwa chumba. Shafii ana mudomo mupana, nitamwonyesha.

Mama hapandi boti. Nimemubembeleza, nimemutisha, Consolée amepiga magoti. Anasema maji yalimuchukua mume wake na hatayapa na mifupa yake. Anabebwa mpaka ufukweni, anabebwa kurudi, na njia yote anatulaumu kwamba hatujui kubeba. Simuachi. Hilo tulifunge.

Ukweli usimwambie. Hivi huyo mutoto umekaa naye miaka miwili na humujui? Akisikia bibi yake analala muchangani, hangoji boti, anakodi mutumbwi. Ukimufungia mulango anatokea dirishani. Na ukimwambia ameshinda, anakuja vile vile, huku anaimba. Kwa ukweli anakuja, kwa uongo anakuja. Kitu kimoja tu kinaweza kumukalisha chini: hasira. Hasira yake naijua kwa sababu ni yangu, nilimupa mimi. Alipokuwa na miaka saba nilimwambia uji wake una maji. Umewahi kumuona anapika uji?

Kwa hiyo ile barua uisome. Uisome kama ilivyo, mbele ya watu wale wale waliocheka. Atakutazama usoni akitafuta utani. Usimupe. Wewe ni mwepesi wa kucheka, ujiume ulimi, ufikirie paa lako, ufikirie chochote.

Uchungu wa mwana aujuaye muzazi, na mimi naujua, usidhani siujui. Mara ya kwanza nilipousikia wimbo ule nilimuomba jirani aurudishe, nikamuomba tena, mpaka akaniambia betri zake zinakwisha. Nilitaka kumupa ya kwanza nikakunja ngumi.

Nakuomba, Abasi. Andika siku ya leo mahali, kwa sababu sijawahi kukuomba.

Hadija


Ujiji, 5 Januari 1999

Kwako Hadija,

Assalamu alaykum. Tunafunga salama. Mke wangu anakusalimia, hajui lolote. Tumepata mvua nyingi na mihogo imeoza shambani.

Nimefanya.

Niliwaita baada ya futari, nikasema kuna barua ya pili toka Rumonge kuhusu namba nne. Watu wakajisogeza wakitabasamu, mtu akasema tunywe maji kabisa tusije kupaliwa. Zuwena alikuja na lile gauni. Nilianza kusoma. Hana sauti, wakacheka. Hafundishiki, wakacheka, na yeye akacheka kuliko wote, akanyoosha kidole kwangu kama kusema mnamsikia mama. Nilipofika “nyumba anayoiimba haipo”, wakacheka wachache. Akanitazama. Binamu, alinitazama kama ulivyosema. Nikafikiria paa. Nikafikiria risasi zenu. Nikasoma hadi mwisho na hakuna aliyekuwa anacheka tena, isipokuwa mtoto mchanga wa jirani.

Akaomba karatasi. Aliisoma mwenyewe, akaisogeza kwenye taa kuutazama mwandiko, akaikunja vizuri akanirudishia. Kisha akasema, “Mwandikie mama kwamba sitakanyaga Rumonge mpaka aniombe msamaha. Kwa mdomo wake, mbele ya hawa waliosikia.”

Nilidhani ataondoka. Hakuondoka. Alibaki pale pale akaihukumu barua yako kama wimbo. Mwandiko umelala, alisema, hoja zimesimama mguu mmoja, mwenye barua anaona haya kwa kitu asichokijua. Akauliza tangu lini muuza mawese akajua habari za pumzi. Ya mwisho, akasema, ishike mkia. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilifumba macho nikadhani umevuka maji umekuja kukaa uani kwangu.

Boti imeondoka bila yeye. Gauni kalifumua, amelitengeneza foronya za mito. Mimi hanisemeshi, anasema nilisoma kwa raha. Mke wangu ananiuliza kwa nini nimekubali kusoma upuuzi ule katika mwezi mtukufu, nami natoka kwenda kuziba paa. Umepata ulichotaka, Hadija. Usiku nikilala nakuwa upande wako. Asubuhi nikimwona anavyokoroga chai bila kuinua kichwa, nakuwa upande wake.

Abasi


Rumonge, 27 Januari 1999

Assalamu alaykum, binamu yangu,

Na Iddi njema, ingawa imepita. Tumeiswali ufukweni. Mama aliswali amekaa, halafu akasema imamu alikuwa na haraka. Consolée si Muislamu lakini alipika pilau na hakuunguza, nimemusamehe mengi. Shindano halikuimbwa. Habari za Rachid usiniulize.

Barua yako nimeisoma. Nilipofika pale anapouliza tangu lini muuza mawese akajua habari za pumzi, nilicheka kwa nguvu, Consolée akaja mbio akidhani nimepatwa na kitu, na alipofika alinikuta nalia. Mupe pole zangu za foronya. Hapana, usimupe kitu.

Jibu lake ni hili, umufikishie hivi hivi. Mwambie musamaha siombi. Mwambie nimeusikiliza wimbo tena na umezidi kuwa mbovu. Akiuliza mwezi ujao, siombi. Akipata mume huko na kutaka radhi zangu za ndoa, mwambie radhi ninazo lakini musamaha siombi, na mama yake ni mukaidi tangu enzi. Usichoke kumwambia. Siku utakayoona ameanza kunionea huruma, nijulishe haraka nitunge matusi mengine.

Wewe peke yako ujue hili. Siku bunduki zitakaponyamaza, wazinyamazishe kweli na si kutangaza kwa redio tu, nitavuka mimi mwenyewe. Nitaingia uani kwako, nitawaita wote waliokuwepo, nitapiga magoti mbele ya mutoto wangu na kumuomba musamaha kwa sauti ambayo Ujiji nzima itaisikia. Atanitukana, na nitakaa pale nimusikilize mpaka amalize.

Mpaka siku hiyo, Abasi, siombi.

Hadija